Pikipiki za Umma na Shokapu Zilizokufa

Nyuma ya ofisi nyingi za umma wilayani kuna kona moja isiyopendeza macho. Hapo huegemezwa pikipiki zilizokwisha kufutwa kazini kabla ya kufutwa vitabuni. Namba zake za serikali bado zasomeka, tairi zimekaa chini, viti vimepasuka, na kuku wamezifanya kivuli. Mtu akiuliza zimepatwa na nini, jibu huwa ni moja: "Zimechoka." Lakini fundi mwaminifu akiitwa azikague, mara nyingi hukuta injini ambazo bado zina uhai. Kilichoziua ni vitu vidogo vilivyoachwa siku baada ya siku, na katika vitu hivyo shokapu hazikosi kuwamo.

Jambo hili si dogo, wala si la mafundi peke yao. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia iligawa pikipiki kwa Waratibu Elimu Kata ili wazifikie shule walizokabidhiwa. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Dodoma ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maofisa ugani wa kilimo. Hizo ni fedha za wananchi zilizowekwa juu ya magurudumu mawili. Mratibu asipofika shuleni, walimu hukaa mwaka mzima bila ukaguzi wala ushauri. Ofisa ugani asipofika shambani, mkulima hulima kwa kubahatisha. Kwa hiyo pikipiki inapolazwa ukutani, hasara haihesabiwi kwa bei ya chuma tu, bali pia kwa shule na mashamba yasiyofikiwa.

Yafaa kwanza ieleweke shokapu ni nini, maana wako watumishi wengi, wenye elimu nzuri kabisa, wanaodhani kwamba kazi yake ni kumpa mpandaji raha. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha uzembe wote. Mtu akiamini kwamba shokapu ni kitu cha starehe, huona aibu kuiombea fedha, naye mkubwa wake huona haki kumnyima. Kumbe kazi yake ya kwanza ni kulifanya gurudumu lishike ardhi. Gurudumu linaloruka halifungi breki wala halikati kona, kwa kuwa kwa nukta ile liko hewani. Pikipiki iliyokufa shokapu, ikifungwa breki kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati, hurukaruka badala ya kusimama. Mpandaji husema breki ni mbovu, hununua breki mpya, na bado haisimami.

Ndani ya shokapu mna kazi mbili, na kila moja ina chombo chake. Springi huubeba mzigo na kulipokea pigo. Mafuta, kwa kupenyezwa katika matundu membamba, huituliza springi isiendelee kuchezacheza baada ya pigo kupita, na nguvu ile hugeuka kuwa joto. Springi bila mafuta ni godoro la watoto wa kuruka. Mafuta bila springi ni mguu usiobeba. Mwalimu wa fizikia anayefundisha kanuni ya Hooke sekondari anaijua nusu ya kwanza ya habari hii vizuri kuliko fundi yeyote wa mtaani, na huichora ubaoni kila mwaka kwa mzani wa springi na vipande vya uzito. Ni ajabu kidogo kwamba mwalimu huyohuyo, kipindi kikiisha, huipanda pikipiki ambayo springi zake zimelala na mafuta yake yamekwisha vuja, asione uhusiano. Shokapu moja kuukuu iliyokatwa kwa uangalifu na fundi anayejua ingekuwa kifaa kizuri cha kufundishia kuliko michoro mingi iliyomo vitabuni.

Kwa pikipiki nyingi za kazi, shokapu za mbele ni mabomba mawili yanayoingia na kutoka ndani ya mengine. Mtindo huo wenye kutulizwa kwa mafuta uliingizwa katika pikipiki za kiwandani na kampuni ya BMW ya Ujerumani mwaka 1935, na tangu hapo umeenea duniani kote. Bomba la juu ni chuma kilichong'arishwa. Linapoingia katika bomba la chini hupita katika sili ya mpira, na juu ya sili hiyo kuna sili nyingine nyembamba ya kuzuia vumbi. Mpira huo mdogo ndio mlinzi wa mafuta yote. Adui zake ni watatu: tope lililokauka juu ya bomba, kutu iliyolichimba bomba, na uvivu wa mwenye pikipiki.

Uvivu umetajwa makusudi. Mtumishi anayerudi kazini wakati wa masika, pikipiki ikiwa imetapakaa tope, akichukua kitambaa chenye maji na kuyafuta yale mabomba mawili kabla tope halijakauka, amefanya kazi ya dakika moja inayoweza kuiongezea sili miaka. Asipofanya hivyo, asubuhi anapoondoka, tope lililokauka huingizwa ndani pamoja na bomba, kama msasa, na huula mpira. Dalili ya kwanza ni duara jembamba la mafuta juu ya bomba. Dalili ya pili ni vumbi lililogandamana hapo likawa jeusi. Dalili ya tatu ni mafuta yanayoteremka mpaka kwenye gurudumu, na kwa pikipiki zenye breki ya sahani hufika kwenye sahani yenyewe. Hapo si suala la matengenezo tena, ni suala la roho ya mtu.

Hata hivyo si kila sili inayovuja imekufa. Mara nyingi kilichotokea ni chembe ya uchafu iliyokaa kati ya mpira na bomba, ikaacha upenyo. Fundi mwenye subira huinua sili ya vumbi, husafisha, kisha huchukua kipande cha plastiki nyembamba na laini, kama cha mkanda wa zamani wa picha, hukipitisha polepole kulizunguka bomba na kuutoa uchafu huo. Mara nyingi uvujaji hukoma bila kununuliwa chochote. Kama bomba lina vijishimo vya kutu, husuguliwa kwa msasa mwembamba sana uliolowa mafuta mpaka ncha kali ziondoke, kwa sababu sili mpya ikiwekwa juu ya kutu hukatwa katika safari za mwanzo, na mwenye mali hulalamika kwamba vipuri siku hizi ni vya bandia. Vipuri vya bandia vipo, hakuna ubishi, lakini husingiziwa pia makosa yasiyo yao.

Tena liko jambo la mafuta yenyewe. Mafuta ya shokapu huchakaa. Huchanganyika na unga wa chuma na maji, hupoteza uzito wake, na yakifunguliwa baada ya miaka hutoka ya kijivu yenye harufu ya samaki waliooza. Watumishi wote wanajua kwamba mafuta ya injini hubadilishwa, na wengi hufuata. Ukiwauliza mafuta ya shokapu yalibadilishwa lini, hushangaa kusikia kwamba yamo. Kwa pikipiki ndogo za kazi, kiasi kinachotakiwa kwa mguu mmoja aghalabu ni kama robo lita au pungufu. Ni kiasi kidogo mno kuwa sababu ya kuipoteza pikipiki nzima. Kwa barabara za vumbi na mizigo ya kila siku, kuyabadilisha mara moja kwa mwaka si anasa.

Kosa kubwa linalotendeka hapa ni kutia mafuta yoyote yaliyopo. Baadhi ya mafundi humimina mafuta mazito ya injini kwa hoja kwamba shokapu zitakuwa ngumu. Zitakuwa ngumu kweli, lakini ugumu huo si nguvu. Mafuta mazito hayapiti upesi katika matundu, kwa hiyo gurudumu likikutana na jiwe halipati nafasi ya kupanda, na pigo lote huenda katika mikono ya mpandaji na katika fremu. Kwenye mikunjo ya mfululizo, gurudumu hushindwa kurudi chini kabla ya mkunjo unaofuata, na shokapu huzidi kuzama mpaka inakwama. Pasipopatikana mafuta maalumu ya shokapu, mafuta ya giaboksi za otomatiki za magari yanakaribiana nayo kwa wepesi. Kampuni ya Honda yenyewe iliyaagiza kwa aina nyingi za pikipiki zake za miaka ya 1970 na 1980, nayo hupatikana katika maduka ya vipuri vya magari. Kila mguu hupimiwa kiasi kilekile kilichoandikwa kitabuni. Kubahatisha kwa jicho hakufai, kwani mguu mmoja ukizidi mwingine pikipiki huvuta upande.

Onyo moja halina budi kutolewa kwa wale wanaopenda kujifanyia kazi wenyewe. Kifuniko cha juu cha mguu wa mbele kinaishikilia springi iliyobanwa. Kikifunguliwa ovyo huruka kwa nguvu ya kumtoa mtu jicho. Na shokapu za nyuma za aina nyingine zimejazwa gesi kwa shinikizo kubwa. Hizo hazitobolewi, hazichomelewi, wala hazitupwi motoni.

Shokapu za nyuma zina masimulizi yake. Katika pikipiki nyingi zilizoko mikononi mwa watumishi ni mbili, moja kila upande, nazo kwa kawaida hazifunguliki. Zikivuja zimekwisha, na hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Kuibadilisha moja na kuiacha mwenzake iliyochoka ni sawa na kumvalisha mtu kiatu kipya mguu mmoja na kandambili mguu mwingine. Lakini kabla ya kuzihukumu, mtu azitazame vizuri chini ya springi. Hapo pana pete yenye ngazi, aghalabu tano, ambayo huzungushwa kwa spana yenye ncha iliyopinda. Mtumishi akienda peke yake huiweka ngazi ya kwanza au ya pili. Akibeba mifuko ya mbegu, katoni za vitabu au mwenzake kiti cha nyuma, huipandisha mpaka ya nne au ya tano, pande zote mbili sawasawa. Kazi hiyo haichukui dakika tatu. Wapo watumishi waliopanda pikipiki ya serikali miaka minne bila kujua kwamba pete hiyo huzunguka. Na spana yenyewe, ambayo hutoka kiwandani ndani ya kifuko chini ya kiti, ndiyo kitu cha kwanza kutoweka pikipiki inapokabidhiwa. Pengine hata mtunza ghala aliyeipokea hawezi kusema ilikwenda wapi.

Hapa pana fikira potofu ambayo hata mafundi wazuri wanayo. Kupandisha ngazi hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi. Springi ni ileile. Kinachofanyika ni kuiinua pikipiki ili mzigo usiile nafasi yote ya kushuka kabla safari haijaanza. Kipimo chake ni rahisi na kinafaa kufundishwa katika kila semina ya kukabidhi pikipiki, badala ya hotuba ndefu kuhusu uzalendo. Gurudumu la nyuma huinuliwa likawa hewani, hupimwa umbali kutoka ekseli hadi alama iliyowekwa kwenye madigadi. Kisha mpandaji hukaa na mzigo wake wa kawaida, hupimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ifikie kama robo hadi theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Ikiwa mwendo wote ni milimita 120, basi pikipiki ishuke kama milimita 30 hadi 40. Ikishuka 70 hata pete ikiwa ngazi ya mwisho, springi imelala au haikukusudiwa kwa mzigo ule, na hakuna spana itakayoiponya.

Ndipo huja suala la kuziboresha shokapu, ambalo siku hizi limekuwa na mashabiki wengi. Si vibaya. Pikipiki nyingi zinazouzwa nchini zilibuniwa kwa mtu mmoja au wawili na barabara ya wastani, nazo hutumwa kubeba kisichobebeka. Vijana wa bodaboda, kwa kuwa tumbo ni mwalimu mkali, wamelijua hilo mapema kuliko maofisa. Hubadilisha springi, hufunga shokapu za nyuma zilizo nene zaidi, huvisha mabomba ya mbele mikono ya mpira yenye mikunjo ili kuzuia tope. Hiyo mikono ya mpira yafaa isifiwe waziwazi, kwani hakuna kitu cha bei ndogo kinachoilinda sili kuliko hicho, ilimradi ivuliwe mara kwa mara kusafishwa, maana maji yakinaswa humo huleta kutu ileile iliyokuwa ikikimbiwa.

Lakini kwa vijana haohao kuna mambo ambayo mtumishi wa umma hana budi kuyakataa. Wapo wanaochomelea vyuma kando ya mhimili wa nyuma ili kuongeza shokapu mbili nyingine, hivyo pikipiki ibebe mishikaki ya abiria watatu na gunia juu. Shokapu zikiwa nne zitabeba, lakini fremu ni ileile, ekseli ni ileile, tairi na breki ni zilezile. Mzigo ulioondolewa kwenye springi umepelekwa kwenye chuma kilichounguzwa na moto wa kuchomelea, na chuma hicho kikikatika hakitoi taarifa. Wapo pia wanaofunga shokapu ndefu kuliko za kiwandani ili pikipiki ionekane imesimama vizuri. Nyuma ikipanda, usukani hubadilika tabia na kuwa mwepesi kupita kiasi katika mwendo wa kasi, cheni hubadilika kipimo, na hata stendi huwa fupi pikipiki ikalala yenyewe. Na wapo wanaotia kipande cha bomba juu ya springi za mbele. Hilo si kosa kwa asili yake, viwanda vyenyewe hufanya hivyo. Kosa ni urefu. Kipande kikizidi, springi hubanwa mpaka pete zake zikagusana kabla shokapu haijamaliza mwendo wake, na tokeo lake ni kama kupanda pikipiki isiyo na shokapu kabisa.

Uboreshaji unaofaa kazi ya umma hauna mbwembwe. Ni springi nzito kidogo kwa yule abebaye mizigo kila siku, mafuta yanayolingana nazo, bushi mpya za mhimili wa nyuma, na mikono ya mpira. Zaidi ya hapo ni kununua tangu mwanzo pikipiki iliyokusudiwa kazi hiyo. Pikipiki za Yamaha za aina ya AG, kwa mfano, zilitengenezwa kwa ajili ya wakulima. Cheni yake imefunikwa yote na keria zake ni za chuma imara, ndiyo maana zilidumu mikononi mwa watumishi wa afya na kilimo katika nchi nyingi za Afrika. Ununuzi unaotazama bei ya siku ya kwanza peke yake huwa ghali mwaka wa tatu, na jambo hili maofisa ugavi wanalijua vema hata kama kanuni haziwapi nafasi kubwa ya kulisema.

Lisisahauliwe pia kwamba si kila mgongo wa "ko-ko-ko" mbele hutoka kwenye shokapu. Fundi wa haraka husikia kugonga, hufungua miguu ya mbele, hutoza, na sauti hubaki. Gurudumu la mbele likiinuliwa na miguu ikashikwa chini, ikivutwa mbele na nyuma, mchezo wowote unaosikika huwa ni wa beringi za shingo ya usukani. Nyuma vivyo hivyo: gurudumu likisukumwa kulia na kushoto likacheza, huenda ni bushi za mhimili au beringi za gurudumu. Na kipimo cha shokapu zenyewe ni hiki: breki ya mbele ishikwe, usukani ukandamizwe kwa nguvu kisha uachiwe. Pikipiki ipande mara moja na kutulia. Ikipanda na kushuka mara mbili tatu kama mashua gatini, mafuta hayafanyi kazi yake. Mwalimu mkuu asiyejua hata jina la spana anaweza kuupima ugonjwa huo kabla hajatia sahihi daftari la safari.

Na daftari hilo la safari ndilo linalofichua mengi. Ndani yake huandikwa kilomita, lita za petroli, tarehe na madhumuni ya safari, na mkaguzi wa hesabu akija huyafuatilia mafuta tone kwa tone. Hiyo ni haki yake. Lakini safu ya kuonyesha lini sili ilikaguliwa, lini mafuta ya shokapu yalimwagwa, haimo au imeachwa tupu. Mfumo unaomkaba mtumishi kwa lita tano za petroli na kumwachia aharibu pikipiki nzima hauwezi kuitwa wa kubana matumizi. Mtumishi naye, akijua kwamba hakuna atakayemwuliza, na kwamba akiomba fedha za sili ataambiwa asubiri robo ijayo, huendelea kupanda mpaka pikipiki imkatae. Wengine, na wasifichwe sifa zao, hutoa fedha mifukoni mwao. Jozi ya sili haifikii bei ya tairi moja. Hata hivyo si haki mwalimu kuigharamia mali ya serikali kwa mshahara wake, na wala si siri kwamba anayefanya hivyo mwaka wa kwanza huchoka mwaka wa pili.

Kwamba jambo hili lawezekana kufanywa vingine, mfano upo hapahapa Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Barry Coleman, mwandishi wa habari wa Uingereza, na Randy Mamola, mwendesha pikipiki za mashindano kutoka Marekani, walifika Somalia wakakuta pikipiki za wahudumu wa afya zimetupwa zikiwa bado mpya kwa umri, kwa kukosa matengenezo madogo. Kutokana na hayo likazaliwa shirika la Riders for Health, lililoanza kazi yake Lesotho mwaka 1991. Msingi wake haukuwa wa ajabu. Kipuri hubadilishwa kwa kilomita zake kabla hakijavunjika. Mpandaji hufundishwa kuikagua pikipiki yake kila siku na kuwajibika. Fundi humfuata mpandaji kule alipo kwa ratiba, badala ya mpandaji kuacha kazi akaitafute karakana. Na gharama hupigwa kwa kilomita, ndani yake mkiwamo vipuri na huduma, hivi kwamba anayelipia safari amekwisha lipia na sili. Barabara za milima ya Lesotho si laini kuliko za Ludewa au Lushoto.

Nchini Tanzania vyombo vya kulifanya hilo vipo. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005, una karakana mikoani. Vyuo vya VETA vinatoa mafundi kila mwaka, na wengi wao hukaa bila kazi ya kudumu. Kinachokosekana ni kuviunganisha na kata. Mratibu aliye kilomita 90 kutoka makao makuu ya mkoa hawezi kuisukuma pikipiki mpaka karakanani ili ibadilishiwe mpira wa ukubwa wa bangili. Afadhali fundi mmoja, mwenye sanduku la spana, kopo la mafuta na sili za aina mbili tatu zinazotumika wilayani, azunguke kata zote mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, kuliko karakana kubwa inayosubiri maiti. Halmashauri zikinunua pikipiki za aina moja badala ya aina saba, sanduku hilo litakuwa jepesi zaidi.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makisio huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Wakuu wa idara za elimu na kilimo katika halmashauri, wanapokaa kuyapanga, wanapaswa kuweka mbele yao orodha ya pikipiki walizonazo pamoja na kilomita zake, na kasma ya matengenezo isiwe masalia ya kasma ya petroli. Kwa kila pikipiki iandikwe jozi moja ya sili, mafuta ya miguu miwili, mikono miwili ya mpira, na kwa zile zilizopita miaka mitatu, jozi ya shokapu za nyuma na bushi zake. Na zile zilizoegemezwa nyuma ya ofisi zitolewe kwanza kivulini, zipanguswe, usukani ukandamizwe na kuachiwa, kabla ya yeyote kuandika barua ya kuomba zipigwe mnada.